Nilikwenda Dodoma Kumsemea Nguva

Jumapili. Somanga hadi Dar es Salaam

Basi limeondoka Somanga, kijijini kwetu pwani ya Kilwa, saa 12 na nusu asubuhi. Kusi limeshika, madau yamevutwa juu, kwa hiyo wiki hii sina ninachokikosa baharini. Begi langu lina mashati mawili, koti la kuazima kwa sababu nimeambiwa Dodoma mwezi wa sita ina baridi ya kupasua midomo, kilo mbili za pweza mkavu za mpwa wangu, na kipande cha jarife lililochakaa, ule wavu wetu wa macho makubwa, urefu wa pima mbili. Konda alipolipapasa begi akauliza, "Mzee, unakwenda kuvua Dodoma?" Nikamwambia ndiyo.

Mimi ni katibu wa BMU ya kijiji, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi. Tumeitwa watu wachache kutoka Rufiji, Mafia na Kilwa, tukakae siku mbili na maafisa wa serikali na watafiti kuzungumzia mamalia wa baharini: nguva, pomboo na nyangumi. Barua ilipofika mke wangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza, "Sasa nguva ana shughuli gani Dodoma?" Sikuwa na jibu.

Nimelala Mbagala kwa rafiki. Mbu wengi, maji hakuna.

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Dodoma

Treni ya SGR, nauli Sh 31,000. Mara ya mwisho nilikwenda Dodoma kwa basi na nilifika miguu imevimba. Safari hii kioo cha mbele ya behewa kinaonesha kilomita 160 kwa saa na chai haimwagiki. Jirani yangu, kijana wa kompyuta, aliposikia ninakokwenda na kwa nini, akacheka: "Mzee, nguva si yule mwanamke nusu samaki?" Nikamweleza kuwa ni mnyama, ananyonyesha, anakula nyasi za bahari kama ng'ombe wa Kongwa anavyokula nyasi, na anaweza kufika mita 3 na kilo 400. Akatoa simu akatafuta picha. Akaitazama, akasema, "Huyu nani alimfananisha na mwanamke?" Hilo nalo sikuwa na jibu lake.

Baada ya mahandaki ya Kilosa nchi inabadilika ghafla. Kijani kinaisha, mibuyu inaanza. Karibu na Gulwe nimeuona mto Kinyasungwe, au tuseme nimeuona mchanga wake, maana maji hayapo. Watu walikuwa wamechimba visima katikati ya mto wakinywesha ng'ombe. Usidanganyike na ukavu huo. Ndio mto ambao mvua zikija ulikuwa ukiisomba reli ya zamani kipande hiki cha Kilosa na Gulwe mara kwa mara, na udongo wote huo hauishii njiani. Kinyasungwe unaingia Mkondoa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini pale Saadani. Sisi wa pwani tunajua tope linafanya nini. Nyasi za bahari zinataka mwanga, maji yakichafuka wiki nyingi zinakufa, na zikifa nguva hana malisho.

Nilimtumia mke wangu ujumbe: "Shughuli ya kwanza nimeiona Gulwe." Hakujibu. Alidhani nimekosea namba.

Mpwa wangu amenipokea stesheni na bajaji. "Shikamoo Mjomba, umekonda!" Wali, mlenda, na ule pweza ukaingia jikoni usiku huohuo.

Jumanne. Kikao, siku ya kwanza

Ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa nguo nyeupe. Tulikuwa kama 30. Mashine ya kuoneshea picha ilizima mara ya kwanza saa tatu na nusu, ikawaka, ikazima tena, na nadhani ilitusaidia, maana watu walianza kuzungumza badala ya kusoma ukutani.

Afisa wa uvuvi, binti mdogo mwenye sauti kubwa, alitupitisha kwenye sheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, ambayo Bunge liliipitisha hapahapa Dodoma, na Kanuni zake za 2009: kumvua, kumuua au kumuuza nguva, pomboo au nyangumi ni kosa. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994 ndiyo iliyoleta Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, kilomita za mraba 822, kisha Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma mwaka 2000, kisha Silikanti kule Tanga mwaka 2009. Eneo letu lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kulinda ardhioevu, tangu 2004, karibu hekta 597,000. Nje ya hapo kuna mikataba: nguva yumo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara yake ya kimataifa ni marufuku, na Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979 na tume ya kimataifa ya nyangumi, ambayo Tanzania nayo ni mwanachama. Nimeandika yote kwenye daftari. Mengine nilikuwa nayasikia mara ya kwanza, na mimi ni katibu.

Halafu wakaniomba niseme.

Nikasema ukweli, kwa sababu sijasafiri siku mbili kwenda kusema uongo. Nilikuwa na miaka 19, tumetega jarife upande wa Rufiji, nje kidogo ya mikoko. Alfajiri kamba ikawa nzito, tukadhani papa. Alipopanda juu alikuwa nguva jike, ameshakufa maji. Watu wengi hawajui kwamba anakufa maji, kwa kuwa wanamwona ni wa baharini. Anavuta pumzi kama wewe. Kila baada ya dakika chache lazima apande, na wavu ukimshika chini hapandi. Ninachokikumbuka mpaka leo ni mdomo wake, mpana, umeinamia chini, una nywele ngumu kama za brashi, na katikati ya nywele hizo bado kulikuwa na majani mabichi aliyokuwa anatafuna. Na chini ya kwapa, matiti. Moja lilikuwa linatoka maziwa.

Mtoto hatukumwona. Baba yangu mdogo hakusema neno, akachukua kisu. Tuligawana nyama kijiji kizima, na wazee walimwapisha kila aliyekuwa chomboni, kama desturi ilivyokuwa. Kwa nini walikuwa wanaapisha, wa pwani mnajua. Wa bara waulize wakwe zenu.

Ukumbi ulinyamaza. Mtafiti mmoja mwenye miwani akaongeza polepole kwamba nguva hubeba mimba kama miezi 13, huzaa mtoto mmoja, na kati ya mtoto na mtoto inaweza kupita miaka mitatu hadi saba. Kwa hesabu hiyo, kundi dogo likipoteza majike wawili watatu kwa mwaka linaelekea kwisha. Nguva wa pwani hii ya Afrika Mashariki sasa wamewekwa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Mchana tukala kuku. Sikula sana.

Jumatano. Kikao, siku ya pili, na pimbi

Leo ilikuwa zamu ya pomboo. Nahodha mtu mzima kutoka Kizimkazi, Unguja, alisimulia zamani walivyokuwa wakiwaua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, mpaka watalii walipoanza kuja miaka ya mwanzo ya 1990 na watu wakaona pomboo hai analipa kila siku. Sasa tatizo limegeuka: boti zinamzingira mpaka hapati nafasi ya kulala wala kunyonyesha. "Tumeacha kumla," alisema, "tumeanza kumchosha." Akakumbusha pia Nungwi, Aprili 2006, pomboo takriban 400 walipokutwa wamekufa ufukweni, matumbo matupu.

Kisha ikaletwa habari ya nyavu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imezitaka nchi wanachama zishushe nyavu za kutegesha mita 2 chini ya uso wa maji. Pakistan walilijaribu hilo, na pomboo walionaswa walipungua kwa zaidi ya robo tatu, na jodari hawakupungua kwa kiasi cha kumtia mvuvi hasara kubwa. Halafu kuna Marekani: sheria yao ya mamalia wa baharini ya 1972 ina kifungu kinachoitaka nchi inayowauzia samaki ioneshe kwamba inawalinda wanyama hawa kwa kiwango kinacholingana na chao, na kifungu hicho kimeanza kubana Januari 1, 2026. Watu wakatingisha vichwa.

Hapo ndipo nilipofungua begi. Nikalitandaza jarife juu ya kitambaa cheupe, kati ya chupa za maji. "Mabibi na mabwana, mita mbili ni dawa nzuri kwa pomboo, na kwa wavu unaoelea. Jarife letu halielei. Linalala chini, lina mawe, linamngoja taa na papa. Na nguva anakula wapi? Chini. Ukilishusha zaidi utalizika." Nikaingiza ngumi kwenye jicho la wavu, ikapita, nikaingiza mpaka kiwiko. Binti wa uvuvi akaja akaingiza mkono wake. Akaandika kitu kirefu.

Tulichokubaliana: vijiji vyenyewe vichore malisho ya nyasi za bahari vinayoyajua, jarife lisitegwe humo, na kila BMU ipewe daftari la kuandika mnyama aliyeonekana au kunaswa, tarehe, mahali, kina na zana. Si haba. Lakini nilitoka na kitu kinanikereketa kooni na sikukijua ni nini.

Wakati wa chai yule mtafiti wa miwani alikuwa ameniambia jambo nililodhani ni mzaha: jamaa wa karibu wa nguva si nyangumi wala pomboo. Ni tembo na pimbi. Tembo nilikubali shingo upande, maana yule jike wetu matiti yake yalikuwa kwapani, na tembo naye ni kifuani kati ya miguu ya mbele. Lakini pimbi?

Jioni mjukuu, mtoto wa mpwa wangu, miaka tisa, akanipeleka kwenye kilima cha mawe nje kidogo ya mji. "Babu, usipige kelele." Upepo ulikuwa unatupa vumbi usoni. Tukakaa. Mmoja akatoka kwenye ufa, mnene, mkia hana, rangi ya jiwe lenyewe, akatukodolea macho. Akapiga mwayo, na nikaona meno mawili ya juu, marefu, makali, yanateremka kama vijipembe. Nguva dume ana meno kama hayo. Nasikia pia pimbi, na udogo wake wote, hubeba mimba miezi saba na ushee. Sungura wa ukubwa kama huo anamaliza kwa mwezi mmoja. Ni ukoo wa watu wasio na haraka.

Nilimpigia mke wangu pale pale juu ya jiwe. "Nguva ana ndugu zake huku." Akasema nirudi nyumbani, jua kali limenipiga.

Alhamisi. Bungeni

Mpwa wangu alitupatia nafasi kwenye jukwaa la wageni. Simu tuliziacha getini. Nilikaa mbele kusikiliza kama bahari itatajwa. Barabara, maji, umeme wa vijijini, barabara tena. Bahari haikutajwa, na siwalaumu. Nchi ni kubwa.

Kisha likaja swali la tembo wanaokula mazao ya wananchi: lini watalipwa kifuta jasho? Na jibu, kwa lugha ile ya bungeni, kwamba tathmini inaendelea. Ukumbi ukapiga meza. Mimi nikakaa wima.

Kifuta jasho. Mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo, serikali ina kanuni tangu 2011 za kumfuta jasho, na akiumizwa au akiuawa mtu, kifuta machozi. Haisemi inalipa fidia. Inasema kifuta jasho, yaani tunatambua umetoka jasho kwa ajili ya mnyama wa taifa. Sasa mimi nikimkuta nguva hai kwenye jarife langu, sheria inaniambia nimwachie. Vizuri. Kumwachia ni kukata wavu, kwa sababu anajizungusha mpaka anakuwa kama chapati ya kukunja. Kipande kimoja cha jarife sasa ni zaidi ya laki mbili. Ndugu yake tembo akila mahindi ya mtu Kondoa kuna fomu ya kujaza. Nguva akimaliza wavu wa mtu Somanga kuna pole.

Ndicho kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu jana. Na kikao kimeisha! Siku zote hoja yangu nzuri inakuja watu wameshakunja viti.

Ijumaa. Mtera

Mkwe wa mpwa wangu ni Mgogo wa Mtera, na amesema siondoki bila kuiona bahari yao. Tumekwenda na daladala barabara ya Iringa, saa mbili na zaidi. Akanipokea: "Mbukwa, Mpwani!" Nikajibu "Mbukwa" kwa kiburi, nimefundishwa na mjukuu njia nzima.

Bwawa ni kubwa kuliko nilivyodhani. Miti mikavu imesimama majini kama milingoti ya majahazi yaliyozama. Kina mama wanauza perege wa kukaanga kando ya barabara, na wavuvi wanatumia mitumbwi myembamba ambayo mimi nisingeiingiza hata mkondo wa mikoko. Mzee akanionesha kwa fimbo: huku yanaingia Ruaha Mkuu, kule Kizigo. Yakitoka hapa yanakwenda Kidatu, yanaungana na Rufiji, yanaingia Bwawa la Julius Nyerere, halafu yanateremka delta. Delta ni kwetu. Nilikaa chini. Maji niliyokuwa ninatia mkono ndiyo yanayoamua kina na chumvi ya mahali alipokuwa akila yule jike. Yakibanwa sana hapa, au yakifunguliwa yote kwa mkupuo, sisi ndio tunaoyapokea.

"Mzee," nikasema, "kumbe wewe ni jirani yangu."

"Jirani wa juu," akasema. "Wa juu ndiye anayemwaga."

Jioni viboko wakajitokeza, masikio na pua tu. Nikamwambia nilivyofundishwa kikaoni, kwamba kiboko ndiye jamaa wa karibu wa nyangumi aliyebaki nchi kavu. Alifikiri kidogo. "Basi hao nyangumi wenu lazima ni wakorofi." Dada yake shamba la mahindi lililiwa lote usiku mmoja, mwaka juzi. Alipata kifuta jasho? Alipata, baada ya kungoja sana, na kidogo. Lakini alipata. Nikamwomba anieleze hatua kwa hatua, nikatoa daftari: unatoa taarifa kijijini mapema, usisubiri, nyayo zipigwe picha zikiwa mbichi, afisa apime, mtendaji agonge muhuri, fomu iende halmashauri. "Na nakala," akasema, akinyoosha kidole. "Bila nakala wewe hukuliwa shamba."

Tukala ugali wa uwele na perege. Samaki wa maji baridi hana ladha, lakini mchuzi ulikuwa mzuri na sikusema.

Jumamosi na Jumapili

Nimeandika barua. "YAH: MAOMBI YA KIFUTA JASHO KWA MVUVI ANAYEKATA ZANA YAKE KUMWOKOA NGUVA." Mpwa wangu aliisoma akaweka kalamu chini. "Mjomba, kesho kila mwenye jarife bovu atasema amelikata kumwokoa nguva." Ana haki. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaandika: picha ya simu mnyama akiwa ndani ya wavu na nyingine akiondoka, mashahidi wawili wa BMU wasio wa chombo hicho, kipande kilichokatwa kikabidhiwe, na aliyetega ndani ya malisho yaliyofungwa asilipwe hata senti. Malipo yawe wavu, si fedha. Hilo la wavu ni lake, na ndilo bora kuliko yote niliyoandika mimi.

Jumapili nimenunua ubuyu.

Jumatatu. Mtumba

Mji wa Serikali, asubuhi na mapema, barabara pana na miti michanga. Masijala ya wizara, dirisha dogo. Dada akasoma kichwa cha barua, akaniangalia, akasoma tena. "Nguva?" "Nguva." Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, kwenye barua na kwenye nakala yangu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli anatoa machozi akitolewa majini. Nikamwambia ni ute tu wa machoni. Alionekana kusikitika.

Jumatano. Somanga

Nimefika jana usiku, leo nimeamkia ufukweni. Wameona nyangumi wa nundu wa kwanza wa msimu nje ya mwamba, mama na mtoto. Nimewaandika kwenye daftari jipya, mstari wa kwanza: saa 12 na robo asubuhi, wawili, wanaelekea kaskazini. Safu ya nguva nimeiacha wazi.

Mdogo wangu alikuwa anashona jarife chini ya mkungu. Nikamweleza yote, Gulwe, pimbi, Mtera. Akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo tukimkuta tukate?"

"Kata."

"Nani atalipa?"

Nikampa nakala. Akafuta mikono, akaitazama ile rangi ya bluu ya muhuri kwa muda, akautazama wavu, akanirudishia karatasi. Kisha akaniuliza bunda la uzi wa nailoni Dar sasa ni shilingi ngapi.